Mawindo ya Bu Jasim

Umm Salal, Doha
14 Aprili 2024

Kaka yangu Kiprono,

Nakusalimu kutoka kwenye joto ambalo mwaka huu limetuwahi. Mimi ni mzima. Mama naye ni mzima. Nilimpigia Jumapili akanieleza habari za mbuzi mpaka salio likaisha kabla hajafika kwa watu. Gerishon wa Senge, yule mtoto wa shangazi, amembadilishia mabati ya jikoni. Mama aliuliza utakuja lini nyumbani Mogotio. Nilimwambia akuulize wewe.

Najua huko ranchi simu haishiki mpaka ushuke mjini, kwa hiyo nakuandikia. Isitoshe, nina jambo ambalo sitaki ulisome kwa haraka ukiwa umesimama dukani.

Unamjua Bu Jasim, mzee ninayemuuguza tangu alipopata kiharusi. Jioni moja baada ya Idi nilikuwa nampima sukari pale majlisi, ukumbi wao wa wageni, akaniuliza, “Sista, huyo ndugu yako yuko Amerika upande gani?” Nikasema Nevada, kaskazini, kwenye ranchi ya ng'ombe. Akauondoa mkono wake. “Rudia,” akasema. Nikarudia. Akamtuma dereva alete bahasha kutoka chumbani, na ndani yake mlikuwa na picha ya kijana mwembamba mwenye nywele nyingi, amesimama katikati ya vichaka vya kijivu visivyo na mwisho. Ni yeye. Alisoma huko miaka ya sabini.

Akanieleza kwamba kuna mnyama wa huko anaitwa elki, wa jamii ya kulungu lakini mkubwa kama ng'ombe, na kwamba alfajiri moja alimsikia akilia kwa sauti kama ya filimbi. Hakuwa na kibali cha kuwinda. Alisimama tu. “Sasa nataka kurudi nikamwinde kabla sijafa,” akasema. Mimi nikamwambia safari ni ndefu mno kwake. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. “Kwani wewe huji? Nani atanichoma sindano?”

Kiprono, niliingia jikoni nikajifanya natafuta maji. Miaka minane sasa hatujaonana. Likizo yangu na yako hazijawahi kukutana hata mara moja.

Niambie kama inawezekana. Na uniambie pia, bado unakimbia asubuhi?

Dada yako,
Chebet

*

Kaskazini mwa Nevada
12 Mei 2024

Chebet wangu,

Barua yako imenifikia ikiwa na alama ya tope la kiatu cha mtu wa posta, lakini maneno yote yamesomeka. Nafurahi kusikia Mama anazungumza sana. Akinyamaza ndipo niogope. Sisi huku ng'ombe wamezaa na theluji imebaki milimani tu. Wayne, mwenye ranchi, anakusalimu. Mkewe Edith ameiona picha yako akasema tunafanana paji la uso.

Sasa sikiliza. Inawezekana. Elki hushuka kula majani makavu ya ng'ombe wetu, na kwa sababu ya hasara hiyo serikali humpa Wayne kibali kimoja, ambacho anaweza kumpa mwindaji mwingine. Mwaka huu hakijaenda kwa mtu. Nimemweleza habari za mzee wako. Alikuwa akitengeneza lango, akaacha nyundo, akasema, “Mtu aliyengoja miaka hamsini hawezi kuambiwa angoje tena.”

Msimu ni mwisho wa Oktoba. Baridi itakuwepo. Niambie mkono wa mzee una nguvu kiasi gani, na kama anaweza kukaa juu ya farasi aliyetulia.

Vile vichaka vya kijivu vya kwenye picha ndivyo ninavyoviona kila siku. Havina jina kwetu, lakini ukivivunja vinatoa harufu, na siku ya kwanza nilipofika hapa nilidhani nimesimama kilimani juu ya nyumba yetu, pale kwenye vichaka vya leleshwa. Sikumwambia mtu. Utaona mwenyewe.

Mimi asubuhi naamka mapema kama zamani.

Kaka yako,
Kiprono

*

Umm Salal
5 Juni 2024

Kaka yangu,

Nimekusoma mara nyingi. Mama amenunua miwani, sasa anaona makosa ya kila mtu. Anakusalimu.

Ungemwona Bu Jasim! Baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijawa kali, tunazunguka shamba. Mwanzo alikuwa anafika kwenye mitende ya kwanza anakaa. Sasa tunafika kwenye tangi la maji na kurudi, ananikemea nikimshika kiwiko. Mkono wa kulia ni mzima. Wa kushoto unafunga vidole lakini haubebi kitu kizito. Alhamisi tulienda kwenye uwanja wa kulenga shabaha kule Lusail, bunduki ikaegemezwa juu ya mfuko wa mchanga. Risasi ya kwanza ilipotea. Ya nne ikapiga katikati. Dereva akapiga makofi, mzee akamwambia, “Kumbuka elki hatakaa kimya kama karatasi.”

Nimempa kipande cha barua yako asome. Pale uliposema harufu, akatuma watu sokoni wamletee shih, majani makavu ya jangwani ambayo wao huyachemsha kwa maumivu ya tumbo. Akayasugua viganjani akaninusisha. Ni kweli, Kiprono. Ni leleshwa, ila iliyokonda.

Nami nimenunua viatu vya kupandia mlima, na navivaa shambani ili visinichubue huko. Wafanyakazi wa shamba wananicheka. Nimemwambia Mama kwamba nitakuona, nimeshindwa kunyamaza. Akauliza, “Utamshika mkono kwa niaba yangu?”

Hukunijibu kuhusu kukimbia.

Chebet

*

Nevada
30 Juni 2024

Chebet,

Salamu kwa wote hapo, na kwa mzee hasa. Huku tunakata majani. Jua huku halishuki mapema, tunafanya kazi mpaka miili inagoma.

Mpango ni huu. Mtatua mji mkubwa, mtalala hapo mzee apumzike, halafu gari mpaka kwetu. Siku mbili asizurure, kwa sababu tuko juu na hewa ni nyepesi. Wewe ndiye utakayempima. Kambi tutaiweka kwenye bonde lenye chemchemi. Mahema ni matatu. Wewe utalala na Edith, ana jiko dogo la kuni ndani na anaongea usingizini, usishtuke. Nimekuchagulia farasi jike mmoja mzee wa kijivu anayejua njia zote; ukilegeza hatamu tu atakurudisha nyumbani.

Usijipake yale mafuta ya nazi. Elki ananusa kuliko mbwa, na upepo wa huko hubadilika saa jua linapopanda. Tutakuwa tukisubiri upande ambao upepo unatupiga usoni. Mzee hatapanda sana. Nimeshaitafuta sehemu yenye jiwe bapa ambapo anaweza kuegemeza bunduki akaliona bonde lote.

Kukimbia, dada, kunategemea kazi. Kazi ni nyingi.

Nimeanza kuwaza nitakachokupikia. Unga wa mahindi upo. Sukuma wiki Edith amenipandia nyuma ya nyumba, hata hajui kuila.

Kiprono

*

Umm Salal
18 Agosti 2024

Kaka,

Natumaini mnaendelea vizuri. Mimi sijambo. Joto ni la kutisha, matembezi tumeyahamishia ndani, tunazunguka majlisi kama watu waliopotea.

Jasim, mtoto mkubwa wa mzee, amerudi kutoka safari. Amezungumza na daktari. Daktari amekubali mzee asafiri. Naye Jasim ameamua kwenda. Pasipoti zimepelekwa kwa ajili ya viza.

Mama anakohoa kidogo, si jambo kubwa. Leo sina mengi.

Chebet

*

Nevada
14 Septemba 2024

Dada yangu mpendwa,

Barua yako ilikuwa fupi hata nikaigeuza nyuma kutafuta iliyobaki. Kama ni joto, pole. Kama ni Mama, niambie ukweli.

Huku asubuhi kumeanza kuwa na umande mgumu. Jana nililisikia dume la kwanza likilia. Nilikuwa nimepanda farasi kwenye ukingo, na vichaka vyote chini yangu vilikuwa vimetoa maua madogo ya njano. Nikasimamisha farasi nikasema kwa sauti, “Chebet, sikia.” Farasi ndiye aliyesikia.

Kuanzia sasa sitashuka mjini mpaka mawindo yaishe, kwa hiyo ujumbe wa simu hautanikuta. Yote yako tayari. Edith amekushonea shali. Njooni tu.

Kiprono

*

Doha
20 Oktoba 2024

Kiprono,

Naandika nikiwa kwenye kiti cha plastiki nje ya posta. Wameondoka leo asubuhi. Barua hii haitawatangulia, najua.

Siji. Nimejua tangu Agosti.

Jasim aliniita majlisi, akanitengea kiti, akaniletea chai yeye mwenyewe, nikajua habari si njema. Akasema, “Sista Chebet, si kwamba hatukuamini. Baba yangu yuko hai kwa sababu yako. Lakini mwanamke kwenda kukaa kambini porini na wanaume, sisi kwetu hatuwezi, watu watazungumza. Tumepata nesi mwanamume.” Ni Tony, Mkenya mwenzetu aliyekuwa akiuguza mtu Lusail. Mzee alibishana na wanawe jioni tatu. Ya nne akachoka.

Nilidhani watabadilisha. Kila wiki nilijiambia nitakuandikia wiki ijayo, kukiwa na jibu zuri. Simu ningeweza kukupigia mwanzoni mwa Septemba uliposhuka kununua chumvi, nikaishika, nikaiweka chini. Ulikuwa umeshanichagulia farasi.

Nimemfundisha Tony kila kitu kuhusu sindano. Ni mtu mzuri. Mpe chakula changu.

Samehe. Mama bado hajui.

Chebet

*

Nevada
10 Novemba 2024

Chebet,

Barua yako ya posta imefika juzi, mzee akiwa ameshaondoka. Kwa hiyo wacha nikueleze kama ilivyokuwa.

Magari mawili yalifika alasiri. Nilikuwa langoni tangu asubuhi, na shali la Edith begani. Mlango wa kwanza akashuka Jasim. Wa pili dereva. Akashuka Tony, tukasalimiana, nikasikia sauti ya nyumbani nikafurahi, na macho yangu yako nyuma yake. Tukamshusha mzee. Mlango mmoja wa gari la pili ulikuwa haujafunguliwa. Nikaenda nikaufungua mwenyewe. Ndani kulikuwa na mablanketi.

Mzee alikuwa ananitazama. Akasema, “Walinikatalia. Nimekuja na aibu.” Nikamwambia karibu, chakula kiko tayari. Tony alikula sahani mbili za ugali, akasema ni vizuri sana, kisha akatoka nje akakaa peke yake na baridi yote ile. Kwao ni Nyamira, ana watoto huko.

Siku mbili za mwanzo hatukuona kitu ila nyayo. Siku ya tatu tulitoka na giza, tukafika kwenye lile jiwe kukiwa kunapambazuka. Upepo ulikuwa usoni. Tulilala kifudifudi, mimi kushoto kwake, Jasim kulia, Tony nyuma na mkoba wake wa dawa. Dume likatokea chini, kati ya vichaka, linatembea kama mwenye shamba. Likasimama. Likainua kichwa likalia, Chebet, sauti nyembamba inayopanda mpaka hujui imeishia wapi. Msimu wa kulia ulikuwa umepita. Hili lilikuwa limechelewa kama sisi.

Mkono wa kushoto wa mzee ukaanza kutetemeka. Bunduki ikacheza. Nikaingiza kiganja changu chini ya mkono wake nikaushika. Nikamsikia anasema, “Bismillahi, Allahu akbar.” Risasi ikalia. Dume likaenda hatua chache kama lililokumbuka jambo, likapiga magoti.

Jasim akateremka mbio na kisu. Mzee hakushangilia. Aliweka shavu juu ya jiwe. Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema, “Hapana. Nimefika.” Kisha akaomba chai.

Nyama tulichoma jioni ile. Iliyobaki iligawiwa majirani, hairuhusiwi kusafiri nayo. Usiku mzee alinieleza habari zako nyingi. Alisema siku ya safari ulimsindikiza mpaka uwanja wa ndege ukiwa umevaa vile viatu vya mlima.

Hukuniambia hilo.

Kaka yako,
Kiprono

*

Umm Salal
30 Novemba 2024

Kiprono,

Salamu zako nimezipata kwa kalamu na kwa mdomo. Mama amepona kikohozi. Nilimwambia kwamba sikwenda. Akasema alijua, sauti yangu ilimwambia siku nyingi.

Bu Jasim amerudi ana rangi. Siku ya kwanza alilala. Ya pili aliniita shambani, akataka tukae pale kwenye tangi, akamfukuza dereva. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

“Sista, ndugu yako ni mtu mzuri. Lakini hashuki juu ya farasi mbele za watu.”

Nikacheka. Nikamwambia wewe ulizaliwa ukikimbia, labda umekuwa mvivu.

Hakucheka. “Langoni alikuwa ameegemea nguzo, na kwenye gari nilidhani anaegemea tu. Siku ya tatu farasi walikataa kupita kwenye mawe, ikabidi tushuke. Ndipo nikaona. Goti la mguu wa kulia halikunjiki. Anautupa mbele, halafu anaufuata. Nilimwambia, mimi sina mkono, wewe huna mguu, twende. Tukapanda tumeshikana kiunoni. Mwanangu alitaka kunibeba, nikamkatalia.”

Nikamwuliza ilitokea lini. Akasema hilo si lake kulieleza.

Kiprono, nimezitoa picha zako zote za miaka miwili nikazipanga kitandani. Kifua, kofia, farasi. Kifua, kofia, lango. Mimi ni nesi! Watu wananilipa kwa kuona kitu ambacho mgonjwa hakisemi.

Sijakukasirikia. Nilikuwa nawaza juu yako usiku ule ulipovunjika, nani alikushika kichwa. Niambie wewe mwenyewe.

Chebet

*

Nevada
22 Desemba 2024

Chebet,

Krismasi njema kwako, na kwa wote waliozoea kuisherehekea wakiwa kazini.

Ilikuwa Februari mwaka jana. Barafu. Farasi aliteleza akaniangukia, hakuweza kuinuka haraka kwa sababu ya mteremko. Wayne alinipata jioni. Edith ndiye aliyenishika kichwa, kwa hiyo usiwaze tena jambo hilo. Waliweka vyuma. Vyuma vilishika, goti likakataa.

Hawakunifukuza. Juu ya farasi mimi ni kama mtu yeyote.

Unakumbuka siku niliyoondoka Mogotio kuja huku kukimbia mbio? Watu walinisindikiza mpaka barabara ya lami wakiimba, na wazee wakayagusa magoti yangu kunibariki. Kijiji kizima kilikuwa kimeiagiza miguu hii iwaletee kitu. Sasa niirudishe vipi? Kila mwezi nilisema mwezi ujao, labda goti litakunjika.

Nilipopata barua yako ya Aprili nilipanga hivi: utanikuta juu ya farasi, tutawinda, tutakula, na siku nne tano zitapita kabla hujaona. Kufikia hapo ungekuwa umeuzoea uso wangu, na mguu usingekuwa kitu kikubwa. Hayo ndiyo mawindo niliyokuwa nayapanga mimi. Elki alikuwa wa mzee.

Kule juu ya mawe Bu Jasim aliniuliza mama yangu yuko hai. Nikasema yuko hai. Akasema, “Basi unangoja nini?”

Nimekata tiketi kabla ya kuandika barua hii, ili nisipate nafasi ya kubadili nia. Natoka tarehe ishirini na mbili Februari, kabla ng'ombe hawajaanza kuzaa. Ndege inapitia Doha, nitafika jioni ya siku inayofuata na kuondoka alfajiri kwenda Nairobi. Nambari ya tiketi nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Sijui kama wataniruhusu kutoka nje ya uwanja. Hata ukisimama upande wa pili wa kioo itatosha.

Usimwambie Mama habari za mguu. Au mwambie. Amua wewe, mimi nimeshindwa.

Kiprono

*

Umm Salal
16 Januari 2025

Kaka yangu Kiprono,

Mimi ni mzima, na leo zaidi ya mzima.

Mama nimemwambia. Kwanza aliuliza kama unaumwa usiku. Nikasema sijui. Akaniambia nikuulize, na kwamba amemwita Gerishon aje aitengeneze ile ngazi ya mlangoni iwe mteremko. Kuhusu watu waliokusindikiza, alisema nusu yao wamezeeka na wanatembea kwa fimbo, watakupa nafasi ya kukaa.

Barua yako nilimsomea Bu Jasim. Nilipofika kwenye swali lake alinizuia kwa mkono, ule wa kushoto. “Mimi nimemwona, wewe hujamwona,” akasema. “Hilo si sawa.” Akamwita Jasim. Sijui walizungumza nini kwa Kiarabu chao cha haraka, lakini Jasim alitoka, akanikuta barazani, akasema Tony atashika kazi yangu mwezi mzima, na akasema, “Sista, tuwie radhi.” Nikamwambia yamekwisha. Yalikuwa yamekwisha kweli.

Kwa hiyo sitasimama upande wowote wa kioo. Nimeenda kwenye ofisi ya ndege na ile nambari yako, nikakata tiketi ya ndege yako. Nitaingia uwanjani jioni hiyohiyo kama msafiri, nitakukuta kwenye lango la kwenda Nairobi, na tutangoja alfajiri pamoja.

Viti nimevichagua mwenyewe. Chako ni cha pembeni, kando ya njia, upande ambao mguu wa kulia utapata pa kunyooka. Mimi nitakaa katikati.

Dada yako,
Chebet